Mwaka Mzima Katika Shule Ndogo ya Kijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisoma katika shule ya kijijini yenye walimu watatu, na baadaye nikafundisha miaka kadhaa katika nyingine yenye wawili. Kila muhula wa kwanza unapokaribia, wazazi waliohamia kijijini, walimu waliopangiwa huko na hata wanafunzi wenyewe huniuliza mambo yanayofanana. Nimeyapanga kadiri mwaka wenyewe unavyokwenda, toka kufungua hadi kufunga, ingawa mengine hayana msimu.

Shule inahesabika kuwa ndogo ikiwa na wanafunzi wangapi?

Kila nchi ina hesabu yake, na zinapishana sana. Mimi hutazama jambo moja tu: je, walimu ni wachache kuliko madarasa? Kama ndivyo, basi lazima kuna chumba ambamo madarasa mawili au matatu yanakaa pamoja mbele ya mwalimu mmoja, na hapo kila kitu cha mwaka kinabadilika, kuanzia ratiba hadi urafiki. Shule yenye watoto arobaini na walimu wanane ni tulivu tu. Haihusiki na habari hii.

Wala usidhani ni kioja. Mwaka 1919 Marekani ilikuwa na shule za chumba kimoja zipatazo 190,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki chini ya 400, kwa sababu barabara na mabasi ya shule viliwezesha watoto wa vijiji vingi kukusanywa mahali pamoja. Pale ambapo basi halifiki, shule ndogo bado ipo.

Siku ya kwanza mtoto atakutana na nini?

Atatazamwa. Katika shule kubwa mgeni hupotea kwenye umati. Hapa yeye ndiye habari ya wiki. Kabla ya mapumziko ya kwanza watakuwa wameshajua jina lake, ana ndugu wangapi, ametokea wapi na kwa nini begi lake lina zipu moja tu inayofunga. Mtoto mchangamfu hufurahia. Mtoto mkimya huumia, na mara nyingi hasemi.

Ukiweza, mpeleke siku moja kabla ya kufungua, shule ikiwa tupu, aone choo kiko wapi, maji yako wapi na atakaa upande gani wa chumba. Hayo matatu ndiyo yanayowanyima watoto usingizi, wala si hesabu. Nawe mwalimu, usimsimamishe mbele ajitambulishe. Wameshamjua.

Mwalimu mmoja anafundishaje madarasa matatu kwa wakati mmoja?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na walimu wapya huliuliza kwa sauti ya chini.

Ubao umegawanywa kwa mistari miwili ya chaki toka juu hadi chini. Kushoto kuna kazi ya darasa la tatu, katikati la nne, kulia la tano. Kipindi kinaanza: la tatu wako na mwalimu, wanasoma kwa sauti, la nne wanafanya zoezi lililoko ubaoni, la tano wanasahihishana kazi ya jana wawili wawili. Baada ya dakika kumi na tano hivi mwalimu anasogea hatua chache, na kundi jingine linapata zamu. Maana yake kila mtoto humpata mwalimu uso kwa uso kwa theluthi moja ya kipindi, na theluthi mbili zilizobaki anafanya kazi peke yake au na mwenzake.

Theluthi hizo mbili ndizo zinazoamua mwaka utakuwaje. Kazi ikiisha mapema, kelele huanza. Kelele ikianza, kundi lenye zamu halisikii kitu, na mwalimu huishia kukimbia kutoka kona hadi kona. Ndiyo maana mwalimu mzoefu huandika ubao mzima kabla ya kengele na huwa na kazi ya akiba kwa wanaomaliza haraka. Nilipoanza sikuwa najua hilo. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nageuka kuandika kazi ya kundi moja huku makundi mawili yakinitazama mgongo, na kila nilipogeuka tena kuna mtu alikuwa amehama kiti.

Njia ya pili ni kufundisha mada moja kwa wote, kila kundi kwa uzito wake. Chukua mada ya sehemu katika hesabu. Wadogo wanakunja karatasi mara mbili, wanaikunjua na kuhesabu robo. Wa kati wanapaka rangi robo moja na thumuni mbili, wagundue kwamba ni sawa. Wakubwa wanajumlisha 3/8 na 1/4, wapate 5/8. Mazungumzo ya mwanzo na ya mwisho ni ya chumba kizima. Kwa hesabu njia hii ina mwisho wake, maana kuna siku ambapo wakubwa wanahitaji kitu ambacho wadogo hawawezi hata kukigusa. Kwa sayansi na maarifa ya jamii inafanya kazi vizuri mno.

Katika masomo hayo mawili shule nyingi hutumia mzunguko wa miaka miwili: mwaka huu chumba kizima kinasoma mada za kundi A, mwakani za kundi B, bila kujali nani yuko darasa gani. Kila mtoto akikaa miaka miwili anapata zote. Mtego uko kwa anayehamia au kuhama katikati: anaweza kusoma mimea mara mbili na asiguse sumaku hata siku moja. Uliza mzunguko uko wapi kabla ya kumwandikisha.

Kwa hiyo mwanangu hatabaki nyuma?

Hofu hii ni ya halali, na watafiti wameishughulikia. Mwaka 1995 Simon Veenman, mtafiti wa Uholanzi, alikusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali zilizolinganisha madarasa ya mseto na madarasa ya kawaida. Kwa ujumla hakukuta tofauti ya maana katika kiwango cha kujifunza. Si bora zaidi, si mabaya zaidi. Wengine waliompinga walisema ulinganisho huo unaficha mzigo wa mwalimu, kwani mara nyingi kwenye madarasa ya mseto hupelekwa watoto wanaojitegemea na walimu hodari. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Kinachoangusha au kuinua ni maandalizi ya mwalimu, kuliko mpangilio wenyewe.

Kuna faida moja ambayo haionekani kwenye ripoti: masikio. Mtoto wa darasa la tatu anayesikia somo la darasa la tano mwaka mzima hufika la tano akiwa na maneno mengi tayari kichwani. Anayesuasua naye hupata nafasi ya kusikia tena somo la mwaka jana bila mtu kumwambia kwamba amerudishwa.

Nasikia wakubwa huwafundisha wadogo. Je, huko si kuwapotezea muda?

Kunaweza kuwa, kukizidi. Jambo lenyewe ni la zamani: Joseph Lancaster alifungua shule London mwaka 1798 akawatumia wanafunzi waliotangulia kuwafundisha mamia ya wenzao, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipa walimu wasaidizi. Ulikuwa ubunifu, na ulikuwa ubahili pia.

Kipimo changu ni rahisi. Mtoto akimweleza mdogo wake kitu alichokijua nusunusu, anajifunza, maana atakwama na itabidi afikiri. Ikiwa kazi yake kila siku ni kunyamazisha wadogo na kuandika majina ya wapiga kelele, hajifunzi chochote isipokuwa kuchukiwa. Muulize tu jioni: "Leo ulimfundisha nani, na nini?" Akijibu "niliwasimamia", nenda kaongee na mwalimu.

Atapata marafiki wa umri wake?

Labda. Hapa sitakupamba maneno, maana ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Darasani kwetu tulikuwa wanne, wasichana wawili. Mwenzangu na mimi tuligombana kwa sababu ya rula iliyovunjika, tukanuniana karibu muhula mzima. Katika shule kubwa ungetafuta rafiki mwingine. Sisi tulikaa dawati moja, na kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja. Yeye ndiye aliyekaa upande wa kufunua kurasa. Nilikuwa namaliza ukurasa, nasubiri. Alikuwa anausoma polepole makusudi, kidole kikitembea mstari kwa mstari, na mimi siwezi kumwambia "funua" kwa kuwa hatuongei. Tulipatana siku alipofunua mbili kwa pamoja na hadithi ikakosa maana. Tulicheka kabla hatujakumbuka kwamba tumenuniana.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba urafiki hauna mipaka ya umri. Mtoto wa miaka kumi na mbili hucheza na wa miaka minane bila kuona haya. Ukiwa na mwana wa pekee nyumbani, utashangaa jinsi anavyojifunza kuwa kaka au dada.

Na michezo? Hata timu haitimii.

Haitimii, ndiyo. Mnacheza watano kwa watano, wasichana na wavulana pamoja, na kipa ni yeyote asiyekimbia haraka. Lakini hakuna anayekaa benchi. Roger Barker na Paul Gump walichunguza shule za sekondari 13 za mashariki mwa Kansas, Marekani, na kutoa matokeo mwaka 1964. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi kwa jumla, ila katika zile ndogo kila mwanafunzi alishiriki kwenye shughuli za aina nyingi zaidi na kushika nafasi zenye wajibu mara nyingi zaidi. Sababu yao ni ile ile ambayo mtoto yeyote wa kijijini angekupa: asipokuwepo yeye, jambo halifanyiki.

Huo ni mzigo pia. Mtoto asiyependa kuimba ataimba. Kwaya ya watu tisa haiwezi kumkosa wa kumi.

Katikati ya mwaka watoto hupungua darasani. Kwa nini, na tufanyeje?

Kazi za shamba na mifugo, hasa mavuno. Mahali pengine mvua au theluji hufunga njia. Kwenye rejista utaliona wazi: wiki ya kwanza alama za kutokuwepo mbili tatu, wiki ya tatu nusu ya ukurasa. Kugomba hakusaidii sana, kwa sababu mzazi hakumzuia mtoto kwa kupenda.

Mfano ninaoupenda unatoka Kolombia. Katikati ya miaka ya 1970 Vicky Colbert na wenzake walianzisha huko mpango wa Escuela Nueva kwa ajili ya shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili. Watoto hufuata vitabu vya mwongozo kwa kasi yao na kupanda darasa wanapomaliza, si tarehe inapofika. Aliyeondoka wakati wa mavuno ya kahawa akirudi anaendelea kutoka pale alipoachia, harudii mwaka. Ulinganisho wa nchi za Amerika ya Kilatini uliofanywa na UNESCO mwaka 1997 ulionyesha kwamba huko Kolombia shule za vijijini zilizishinda za mijini, ukiacha zile za miji mikubwa kabisa. Ni jambo lisilo la kawaida.

Si kila shule ina vitabu kama hivyo. Hata hivyo daftari moja la mwalimu linatosha kuanzia: jina la mtoto, mada ya mwisho aliyoimaliza, tarehe. Mtoto akirudi baada ya wiki tatu, usimwambie "uliza wenzako tumefika wapi." Mwenzake ni mmoja tu, na huenda naye alikuwa shambani.

Mwalimu akiugua, nani anafundisha?

Aliyebaki, kama yupo. Kama hayupo, shule hufungwa au mzazi mwenye elimu huja kukaa na watoto. Uliza mapema kuna utaratibu gani. Ukiambiwa "hajawahi kuugua", hakuna utaratibu.

Intaneti haiwezi kuziba pengo hilo?

Kwa kiasi. Masomo ya mbali ni ya zamani kuliko intaneti: mwaka 1951 huko Alice Springs, Australia, ilianzishwa shule ya hewani iliyotumia redio za madaktari wanaosafiri kwa ndege, ili kuwafikia watoto wa mashamba ya mifugo yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Ilidumu, na mpaka leo ipo kwa njia za kisasa. Ila ukichunguza, pembeni ya kila mtoto alikaa mtu mzima, mara nyingi mama yake, akimshika mkono kwenye kazi ya kila siku. Kompyuta kwenye chumba kisicho na mtu wa namna hiyo hugeuka sinema.

Mwanangu hapatani na mwalimu, na mwalimu ni huyo huyo miaka mitatu. Nifanyeje?

Nenda mapema. Katika shule kubwa unaweza kuvumilia hadi Desemba ukijua mwakani kuna mwalimu mwingine. Hapa kinyongo huzaa.

Nitajisema mwenyewe. Nilikuwa na mvulana niliyemwandikia kwenye ripoti kuwa ni mvivu wa kunakili. Mwaka uliofuata nikaandika maneno yale yale, nadhani hata sikufikiri. Alikuwa anakaa mwisho upande wa kushoto, na kazi ya darasa lake ilikuwa kulia kabisa ya ubao. Siku moja nilikaa kwenye dawati lake kusahihisha madaftari, nikainua macho: jua la asubuhi lilipita dirishani likapiga theluthi ile ya ubao, ikang'aa kama bati. Hakukuwa na herufi hata moja inayosomeka. Nilihamisha dawati siku hiyo hiyo. Ripoti mbili zilikuwa zimeshakwenda nyumbani, na baba yake alikuwa ameshamwadhibu kwa sababu ya ripoti hizo.

Mwalimu wa miaka mitatu anamjua mtoto kuliko mwalimu wa mwaka mmoja, na hilo husaidia sana. Ila akimjua vibaya, atamjua vibaya miaka mitatu. Mzazi aliyekuja kuuliza "kwa nini unasema ni mvivu?" angenifikisha kwenye dawati lile mapema zaidi.

Matokeo ya mtihani ya shule hii hupanda na kushuka kila mwaka. Ina maana gani?

Mara nyingi, hakuna maana yoyote. Chukua shule yenye watahiniwa 6 na wastani wa alama 58. Mmoja wao ambaye angepata 64 anaamka na homa, anapata 16. Zimepotea alama 48. Gawanya kwa 6, wastani umeshuka hadi 50. Homa hiyo hiyo katika shule yenye watahiniwa 96 ingeshusha wastani kwa nusu alama tu, na hakuna ambaye angeitambua.

Ndiyo sababu kwenye orodha za matokeo shule ndogo hujazana juu kabisa na chini kabisa. Mwaka huu mnapigiwa makofi, mwakani mnaitwa kikaoni kujieleza, na walimu ni wale wale. Tazama matokeo ya miaka mitano kwa pamoja, au bora zaidi, tazama madaftari.

Siku ya kufunga mwaka huwaje?

Ndefu. Kwa kuwa watoto ni wachache, kila mmoja ana sehemu yake: shairi, wimbo, igizo, kusoma taarifa. Wengine wana tatu, hivyo utamwona mfalme wa igizo akikimbia nyuma ya darasa kuvua taji aje kupiga ngoma. Wazazi wanajua makosa kabla hayajatokea, maana wamesikia mazoezi ukutani mwezi mzima. Ripoti hutolewa kwa kuitwa jina mbele ya wote. Mimi niliacha kusoma nafasi za darasani hadharani. Kumtangaza mtu kuwa wa nne kati ya wanne hakumsaidii yeyote.

Akienda sekondari kubwa mwakani, ataweza?

Kimasomo, wengi huweza. Wamezoea kufanya kazi bila kusimamiwa. Kinachowashinda muhula wa kwanza ni mambo madogo: kuhama chumba kila kengele ikilia, walimu kumi wenye tabia kumi, foleni, na kutojulikana. Mwanafunzi wangu mmoja alinisimulia kwamba alichelewa siku tatu mfululizo kwa sababu hakujua kengele ile ilikuwa ya nani. Kwetu kengele ilikuwa ya wote.

Kabla hajaondoka, fanyeni mambo mawili. Kwanza, mwombe mwalimu aandike kwa mkono wake ni mada zipi za mzunguko mtoto amesoma na zipi hakuzifikia. Ripoti ya alama haionyeshi hilo, na mwalimu wa huko atadhani kila aliyemaliza amesoma zote. Pili, mzoeze kumwendea mtu mzima asiyemjua na kuuliza swali. Mtume ofisini, mtume kwa fundi, mtume kituo cha basi, arudi na jibu. Mtoto aliyekua mahali ambapo kila mtu anamjua hajawahi kulazimika kusema yeye ni nani.